Maswali ya Wasomaji: Thomson au Mazeroski?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na binamu yangu tunabishana kila siku kuhusu besiboli ya Marekani ya zamani, yeye anashikilia hakuna homurani (pigo la kuutoa mpira nje ya uzio) iliyoizidi ile ya Bobby Thomson ya 1951, mimi nasema ya Bill Mazeroski ya 1960. Halafu eti ya Thomson ilikuwa na wizi ndani yake, ni kweli? Tuamulieni jamani.

JIBU: Ndugu yangu, niko upande wako, ila binamu naye usimdharau maana ana hoja.

Cheki hali ilivyokuwa. Agosti 1951 New York Giants walikuwa nyuma ya Brooklyn Dodgers kwa mechi kama 13 hivi, watu washawazika kabisa, wakaanza kushinda tu mfululizo mpaka ligi inaisha wako sawa, ikabidi zipigwe mechi tatu za kuamua bingwa wa ligi. Kila mmoja akashinda moja. Ya tatu ikachezwa Polo Grounds, uwanja wa Giants, tarehe 3 Oktoba, raundi ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, Dodgers wanaongoza 4-2, Giants wana watu wawili kwenye vituo, Dodgers wanamtoa mrushaji wao Don Newcombe wanamuingiza Ralph Branca. Mpira wa pili tu, Thomson wa Giants kaugonga ukatua kwa mashabiki upande wa kushoto, na kwenye besiboli ukiutoa nje ya uzio hivyo wewe na wenzako wote mlioko vituoni mnarudi nyumbani, kwa hiyo pointi tatu kwa mpigo, 5-4, mechi imeisha. Anayefuata kupiga alikuwa Willie Mays, nyota mkubwa wa baadaye, wakati huo kijana wa miaka 20! Mtangazaji Russ Hodges akapiga kelele redioni kwamba Giants wamechukua ubingwa, akarudia na kurudia, na ile sauti ilirekodiwa ndo maana mpaka leo inasikika.

Kuhusu wizi, ndiyo, upo. Mwaka 2001 gazeti la Wall Street Journal lilieleza jinsi Giants walivyoweka darubini kwenye chumba chao nyuma ya uwanja, wanasoma ishara ambazo mdakaji wa wapinzani anampa mrushaji wake kumwambia arushe mpira wa aina gani, halafu wanazituma kwa kengele ya umeme ili mpigaji wao ajue, na wachezaji kadhaa wa kikosi kile walikiri. Thomson alisema kwa mpira ule hakupewa ishara. Mimi sina sababu ya kumwita mwongo, lakini darubini ilikuwepo msimu ule na hilo linanikera sana nikimfikiria Branca, aliyebeba lawama maisha yake yote.

Sasa Mazeroski. Kwanza ya Thomson ilileta ubingwa wa ligi tu, fainali yenyewe Giants walipigwa na Yankees. Ya Mazeroski ilikuwa fainali, mechi ya saba, Forbes Field mjini Pittsburgh, 13 Oktoba 1960, Yankees wametoka kusawazisha 9-9, Maz wa Pittsburgh Pirates anaanza zamu ya timu yake raundi ya tisa mbele ya Ralph Terry, mrushaji wa Yankees, na kuutoa juu ya ukuta wa kushoto, Yogi Berra wa Yankees anautazama tu. 10-9! Hadi leo hakuna homurani nyingine iliyomaliza mechi ya saba ya fainali. Na Yankees katika mechi zote saba walipata pointi 55 kwa 27, walishinda 16-3, 10-0, 12-0, bado kombe wakalikosa! Tena aliyewamaliza sio mpigaji wa kuogopwa, ni mtu aliyesifika kwa ulinzi wa kituo cha pili.

Ya Thomson inatajwa zaidi kwa sababu ilitokea New York, timu mbili za jiji moja zinazochukiana, na ile sauti ya Hodges. Umaarufu apewe. Ila ukubwa, mwambie binamu yako, ni wa Maz.