Je, kukosa mkesha kunazuia uamsho?

SWALI

Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nyanya na vitunguu soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mtaani kwetu tumeanza maombi ya kuombea uamsho, mkesha kila Ijumaa kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Nimehudhuria mara mbili tu. Tangu mwaka jana namuuguza mama mkwe nyumbani kwangu. Alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki vizuri, na usiku lazima nimgeuze. Kiongozi wa maombi amefundisha kwamba uamsho hauwezi kushuka mpaka wote tuwepo madhabahuni, na asiyekuja ni kizuizi kama Akani. Wifi yangu, binti wa huyu huyu mama ninayemuuguza, ni msaidizi wake, naye alinitaja kwa jina mbele ya watu. Wakasema pia maombi yangu hayana moto kwa sababu naomba kimya. Tangu siku hiyo sina amani. Je, ni kweli nazuia uamsho? Na haya ninayoomba peke yangu kando ya kitanda, yanafika?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Amina.

Hujazuia kitu. Na maombi yako yanafika. Natanguliza hayo ili leo upate usingizi, mengine yafuate.

Sijibu kwa ajili yako tu. Mafundisho ya namna hii nayasikia sasa Moshi, nayasikia Arusha, ndani ya sharika zetu na nje yake, na kila yanapopita wanaoumia ni wale wale: mama anayeuguza, mlinzi wa zamu ya usiku, dada wa kazi asiye na ruhusa ya kutoka. Watu ambao Bwana wetu angewatafuta kwanza ndio wanaoambiwa kuwa wanamzuia asishuke.

Tuanze na Akani, kwa kuwa ndiye aliyetumika kukupiga. Yoshua sura ya 7 inaeleza kosa lake wazi: alichukua vazi zuri, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavifukia chini ya hema yake. Aliiba, akaficha. Wewe umeficha nini? Mtaa mzima unajua ulipo usiku wa Ijumaa. Tena katika habari ile Mungu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mwenye kosa, kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba. Hakuna mahali ambapo jirani alisimama akabuni Akani wake kwa kuangalia nani hayupo kwenye kikao. Anayemfananisha mwenzake na Akani anamfananisha na mtu aliyepigwa kwa mawe na Israeli yote. Hilo si neno la kurushwa kwenye kipaza sauti kwa sababu kiti kimoja ni kitupu.

Sasa hoja yenyewe, kwamba Roho hashuki mpaka wote wawepo. Wanaofundisha hivyo husimama juu ya Matendo 2:1, kwamba siku ya Pentekoste wote walikuwapo mahali pamoja. Ni kweli walikuwapo. Lakini Luka anasimulia palivyokuwa siku ile, haweki sharti la mahudhurio. Sura nane baadaye Roho anawashukia watu nyumbani kwa Kornelio huku Petro angali anahubiri, na kanisa la Yerusalemu halina hata habari. Na Bwana aliposema juu ya kukusanyika alitaja idadi yake: "Kwa kuwa walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao." Wawili watatu! Nani amempa mtu ruhusa ya kupandisha idadi aliyoiweka Bwana?

Huambiwa pia kwamba uamsho wa Afrika Mashariki ulizaliwa kwenye mikesha mikubwa. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walikesha, sikatai, nimekulia kati yao. Lakini ukiwauliza wazee mwanzo wake watakupeleka Namirembe, Kampala, Septemba 1929, ambako Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Walikuwa watu wawili, mweusi na mweupe, wakati wa ukoloni, wakiambiana ukweli wa mioyo yao. Church akarudi Gahini, Rwanda, na baada ya miaka michache moto ulikuwa umevuka hadi Bukoba, na baadaye ukapanda huku kwetu Kilimanjaro.

Wengine hupenda kutaja Wamoravian wa Herrnhut, kule Ujerumani, walioanza mnyororo wa maombi mwaka 1727 ukadumu zaidi ya miaka mia. Mfano mzuri sana, ila usikatwe kichwa na miguu. Mnyororo ule ulianza mwishoni mwa Agosti kwa wanaume 24 na wanawake 24, na kila mmoja alipewa saa yake moja. Saa moja, kisha mwenzake anapokea, naye anarudi kazini au kwa watoto. Halafu kabla ya mnyororo kulikuwa na tarehe 13 Agosti. Watu hao walikuwa wamegombana vibaya mno, kijiji kimepasuka, na siku hiyo kwenye meza ya Bwana wakapatana huku wakilia. Waliomba miaka mia kwa sababu walikuwa wameacha kuchukiana. Wanaonukuu mnyororo huwa hawaitaji tarehe 13.

Kuhusu kuomba kimya. Hana aliomba pale Shilo, midomo ikicheza na sauti haisikiki, na kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani ndiye aliyekosea. Kuhusu moto, nenda Karmeli, 1 Wafalme 18. Waliopiga kelele toka asubuhi hadi adhuhuri, wakarukaruka na kujikatakata kwa visu, ni manabii wa Baali. Sala ya Eliya ni aya mbili, na moto ukashuka. Sisemi kupaza sauti ni kosa, maana kanisa la kwanza lilipaza sauti kwa moyo mmoja na mahali pale pakatikisika. Ninachokataa ni kuifanya sauti kuwa kipimajoto. Paulo anauliza, mtu wa kawaida ataitikaje "Amina" asipojua unayosema? Ukumbini watu sitini wakipiga kelele kila mmoja na lake, hakuna anayemsikia jirani yake akiomba, basi ile ni sala sitini za faragha zilizofanyika chini ya paa moja. Maombi ya pamoja maana yake nikusikie, nibebe shida yako, niitikie.

Mkesha wenyewe siukatai. Yesu alikesha mlimani usiku kucha, na Petro alipokuwa gerezani kanisa lilikuwa nyumbani kwa Mariamu usiku likiomba. Anayeweza akeshe. Lakini Yesu huyo huyo, katika Marko 7, aliwakemea vikali watu waliomwambia baba au mama, "Kile ambacho ungepata kwangu ni Korbani", yaani kimeshatolewa kwa Mungu. Walimpa Mungu kilichokuwa haki ya mzazi, wakaona wamekuwa watakatifu. Bwana akasema wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Fundisho linalomtoa mtu kando ya mzazi aliyepooza ili akajaze kiti cha mkesha ni Korbani ile ile.

Ngoja nikusimulie jambo nililoliona mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi kule Old Moshi, baba yangu na jirani yetu walikuwa hawasalimiani. Ugomvi ulikuwa mpaka wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yalikuwa yamehamishwa kama hatua moja na nusu, kila mmoja akisema ni mwenzake. Wote wawili walikuja kwenye maombi ya Alhamisi, wakakaa pande mbili, wakaomba uamsho. Miaka! Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, mama alifungua mlango akamkuta yule jirani amesimama migombani, mvua imemlowesha, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Wachaga wenzangu mnajua, sale ni jani la kuombea msamaha, halikataliwi. Hakusema mengi. Alisema, "Ni mimi niliyehamisha." Baba alilipokea lile jani kwa mikono miwili. Kisha wakachukua jembe wakaenda wakang'oa masale, wakayarudisha yalipokuwa. Nakumbuka udongo mweusi ulivyowajaa kwenye kucha walipopiga magoti pale pale kwenye tope. Sala haikuzidi dakika tano. Alhamisi iliyofuata nyumba haikutosha.

Tazama basi katika kisa hicho kizuizi kilikuwa nini. Hakuna aliyekosa maombi. Yohana anasema, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Ushirika huo huwezi kuupata kwa kuorodhesha waliokosa.

Hapo ndipo naomba nikuguse na wewe, mwanangu, maana nimekutetea na sitaki utetezi huo ukufiche. Umeandika, "binti wa huyu huyu mama ninayemuuguza." Hukuulizwa hilo, lakini kalamu ililiandika. Nasikia uchungu wa mwaka mzima humo, na ni uchungu wa haki. Hata hivyo nimesikia upande mmoja tu. Nimeingia nyumba nyingi zenye wagonjwa, nimeona watoto wanaomkimbia mzazi aliyepooza, na si wote wamekosa upendo. Wengine hawawezi kustahimili kumwona mama yao vile, wanakwenda kupiga kelele mahali pengine. Huenda wifi yako ni mmoja wao, huenda siye. Mwendee. Usingoje yeye aje kwa sababu yeye ndiye aliyekosa. Usiende na aya ya Korbani, hiyo nimeiandika kwa ajili ya walimu. Mwambie mambo mawili: kwamba ulipotajwa kwa jina uliumia, na kwamba umechoka. Mwombe usiku mmoja kwa wiki awe yeye wa kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asipate vidonda, wewe ulale. Mwonyeshe mto unavyowekwa kati ya magoti, na kwamba mkono ule wa kulia hauvutwi. Akikataa, utakuwa umefanya lako.

Na usijitoe kwenye ushirika. Wapo watakaosoma majibu yangu wakapata kisingizio cha kubaki nyumbani hata wasipouguza mtu. Hao siwajibu hapa. Waebrania 10:25 inatosha, tusiache kukusanyika pamoja. Hata wewe, maombi ya peke yako yanafika, lakini hukuumbiwa kubeba kitanda hicho peke yako. Unahitaji mtu wa kusema "Amina" chumbani humo.

Kwa hiyo nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, na kwa mchungaji wako, uwaeleze ulivyonieleza. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee. Wazee ndio wanaokwenda kitandani. Waombe Alhamisi moja jumuiya ije kusali kwako, saa kumi na moja jioni ukiwa umeshatoka sokoni. Usipike. Chai tu inatosha, na ikikosekana waje na yao. Mwalike na kiongozi wa mkesha, kwa heshima, na umwachie kiti karibu na mgonjwa. Akikaa hapo nusu saa, kuna mambo atakayoyajua ambayo mimi siwezi kumfundisha kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni la mama mkwe. Mtu wa kiharusi aliyepotelewa na maneno mara nyingine huweza kuimba. Nimeliona zaidi ya mara moja. Siku hiyo chagueni wimbo alioujua tangu msichana, na kama aliuimba kwa Kichaga, imbeni kwa Kichaga. Anzeni taratibu. Akiingia katikati ya ubeti, msimkatize ili kumshangilia, endeleeni naye mpaka mwisho.