Draiva ya WMI: haijipakii yenyewe, inatoa oops, na feni haibadiliki

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma CIVE hapa UDOM, Dodoma. Nina laptopu ya mtumba yenye Linux. Kitufe cha kubadili hali ya feni hakikuwa kinafanya kazi, kwa hiyo nikaandika draiva ya WMI. Nikiipakia kwa insmod inakubali, lakini nikizima na kuwasha haijipakii. Nikibonyeza kitufe, kerneli inatoa oops (ripoti ya kosa lake) ndani ya notify, yaani kitendaji cha draiva kinachoitwa tukio linapotokea: "NULL pointer dereference, address: 0000000000000021". Na nikiita method ya feni napata sifuri, hakuna kosa lolote, feni iko vilevile. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anzia kwenye jedwali la famiwea (programu iliyomo kwenye mashine yenyewe, kama BIOS), kwa sababu shida mbili kati ya hizo tatu majibu yake yameandikwa humo humo ndani ya mashine yako.

Basi la WMI, yaani njia ya mfumo endeshi kuzungumza na famiwea, halina waya wala chipu. Famiwea inatangaza kifaa cha ACPI (kanuni ambazo famiwea hutumia kuuelezea mfumo endeshi vifaa vya mashine) chenye kitambulisho PNP0C14, na ndani yake kuna jedwali liitwalo _WDG. Kila mstari wake ni baiti 20: 16 za GUID (kitambulisho cha kipekee), 2 za jina la method (au namba ya tukio), 1 ya idadi ya instance na 1 ya bendera. Bendera 0x2 maana yake ni method, 0x8 ni tukio. Kerneli husoma mistari hiyo na kuunda kifaa kimoja kwa kila GUID chini ya /sys/bus/wmi/devices.

Huhitaji kumaliza bando kwa kushusha chanzo chote cha kerneli, ambacho hata kikiwa kimebanwa kinazidi MB 130. Headers za kerneli unayotumia na kifurushi cha acpica-tools vinatosha. Endesha:

sudo acpidump -b
iasl -d dsdt.dat

Fungua dsdt.dsl utafute _WDG. Usipoiona, ipo kwenye mojawapo ya ssdt. Usitafute GUID kama maandishi: sehemu zake tatu za mwanzo huhifadhiwa baiti zikiwa zimegeuzwa, hivyo 936DA01F huonekana 1F A0 6D 93.

Kutojipakia. Kagua mambo mawili. Kwanza, GUID kwenye id_table (orodha ya vifaa ambavyo draiva inavihudumia) iwe kwa herufi kubwa. Ukiipakia kwa mkono, herufi ndogo hazina madhara, kwa kuwa kerneli hulinganisha GUID yenyewe. Lakini kujipakia wakati wa kuwasha kunategemea alias (jina ambalo mfumo hulitumia kutafuta draiva ya kifaa), na alias hulinganishwa herufi kwa herufi. Weka matokeo ya modinfo kando ya faili la modalias la kifaa chako, tofauti utaiona hapo hapo. Pili, insmod haisakinishi kitu. Nakili faili la .ko kwenye /lib/modules/$(uname -r)/updates, kisha endesha depmod -a. Kerneli ikisasishwa itabidi uijenge upya, kwa hiyo ni vizuri uitie kwenye DKMS (mfumo unaoijenga upya wenyewe) mapema. Hakikisha pia MODULE_DEVICE_TABLE(wmi, ...) ipo, na weka .no_singleton = true; bila hiyo, kerneli za karibuni hukataa draiva pale GUID inapojirudia kwenye mashine moja.

Oops. Hiyo anwani 0x21 inaeleza kila kitu. Kigezo cha data unachopokea kwenye notify ni union, yaani aina kadhaa za data zinazoshiriki kumbukumbu ile ile. Kwenye mashine ya biti 64, thamani ya integer na pointa ya bafa zinakaa mahali pamoja, baiti ya 8 kutoka mwanzo. Famiwea yako imetuma namba 0x21, yaani msimbo wa kitufe. Wewe ukasoma data->buffer.pointer, kerneli ikaenda kuchungulia kumbukumbu kwenye anwani 0x21. Pima aina kabla ya kugusa chochote:

static void feni_notify(struct wmi_device *wdev, union acpi_object *data)
{
    struct input_dev *idev = dev_get_drvdata(&wdev->dev);

    if (!data || data->type != ACPI_TYPE_INTEGER)
        return;
    sparse_keymap_report_event(idev, data->integer.value, 1, true);
}

Data inaweza kuwa NULL pia, ndiyo maana kipimo hicho kinatangulia. Na usiiite kfree hapo: basi lenyewe ndilo linaloifuta baada ya notify kurudi. Kama huna hakika tukio linatoka kwenye GUID ipi, washa acpi_listen kisha bonyeza kitufe. Utapata mstari kama "wmi PNP0C14:00 000000d0 00000000". Hiyo d0 itafute kwenye mafaili ya notify_id.

Sifuri isiyo na kosa. Hapa ndipo wengi hupotelea, na dawa ni kusoma ASL (msimbo wa famiwea uliomo kwenye mafaili ya .dsl) kwa utulivu. Method ya WMxx hupokea vitu vitatu: Arg0 ni instance (huanzia 0), Arg1 ni namba ya method, Arg2 ni bafa yako. Ndani yake utakuta msururu wa If (Arg1 == ...), na mwisho kabisa Return (Zero). Ukipata sifuri huku feni haijaitika, mara nyingi namba yako haikulingana na If yoyote, ikateremka hadi chini. Namba halali ziko hapo kwenye If, na pia kwenye MOF (maelezo ya method za WMI): soma faili la bmof la kifaa 05901221-D566-11D1-B2F0-00A0C9062910 kwa programu ya bmf2mof, uangalie WmiMethodId.

Namba ikiwa sahihi, kagua umbo la bafa. Tuseme ASL ina CreateByteField (Arg2, Zero, ...) na CreateDWordField (Arg2, One, ...). Famiwea inategemea baiti 5 zilizoshikana:

struct amri_feni {
    u8 kazi;
    __le32 hali;
} __packed;

Ukisahau __packed, kompaila huingiza baiti 3 tupu katikati, hali inasogea hadi baiti ya 4, na famiwea inasoma takataka bila kulalamika. Bafa ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, hiyo angalau hulalamika: dmesg itaonyesha AE_AML_BUFFER_LIMIT. Matokeo ya wmidev_evaluate_method nayo yapime aina kama kwenye notify, maana pointa inaweza kuwa NULL, kisha hayo ndiyo unayoyafuta mwenyewe kwa kfree.

Nakuomba sana, usizungushe namba zote za method kwenye loop ili kuona ipi itagusa feni. GUID hiyo hiyo inaweza kubeba mipangilio ya betri au ya BIOS, na baadhi hubaki hata baada ya kuzima mashine. Wakati wa kujaribu, acha sensors ikionyesha joto kwenye dirisha la pembeni.

Feni ikishaitika, usibuni faili lako la sysfs. Isajili hali yake kwenye platform_profile, ili programu za kawaida za kuchagua hali ya umeme ziione zenyewe kupitia /sys/firmware/acpi/platform_profile. Kisha pitisha msimbo kwenye scripts/checkpatch.pl na uutume kwa wasimamizi wa platform-drivers-x86, ukiambatanisha GUID na jina la modeli kama dmidecode inavyolisoma.