Maswali ya Wasomaji: Viti vya gari jingine kwenye pikapu ya zamani

SWALI: Salaam mafundi. Nina pikapu ya mwaka 1976 yenye kiti kimoja kirefu cha benchi, na kimechakaa. Nimepata viti viwili vya mbele vilivyotolewa kwenye gari dogo, vizima kabisa, ila matundu yake hayakutani na ya sakafu yangu. Fundi anasema atatoboa sakafu sehemu nane, apitishe bolti, aweke washa kubwa kwa chini, basi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu, na wala tatizo si bolti. Bolti moja ya M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye alama 8.8, yaani daraja lake la nguvu, inahitaji kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani nne na nusu ndipo ikatike. Bati la sakafu ya pikapu ya miaka hiyo lina unene wa milimita moja hivi, na kutu ikishapita hapo linabaki pungufu. Siku ya ajali kinachoachia ni bati. Bolti hutoka nzima, washa yake ikiwa bado imekumbatia kipande cha sakafu.

Angalia nguvu zinavyotembea. Gari likigonga kwa mbele, kiti hutaka kupinduka kifudifudi: miguu yake ya mbele inakandamiza sakafu, ya nyuma inang'oka kwenda juu. Kwa hiyo bolti mbili za nyuma ndizo zinazofanya kazi ngumu, na ndizo mafundi wengi wanazozifunga popote zinapoangukia. Kanuni ya Marekani iitwayo FMVSS 207 inataka kiti na vifungio vyake vihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Kiti cha kilo 18 kinahitaji kilo 360. Hapo mtu bado hajahesabiwa. Kwenye magari mengi ya karibuni kichomekeo cha mkanda kimefungwa kwenye kiti, si sakafuni, hivyo sehemu ya uzito wa aliyekaa nayo inavutwa na miguu ileile. Mtu wa kilo 75 kwa kipimo hichohicho cha mara 20 anafika kilo 1,500.

Sasa tuje kwenye washa. Washa ya kawaida ya M10 ina upana wa milimita 20, na mzingo wake ni milimita 63. Bati jembamba huchanika kwa kufuata mzingo huo. Sahani ya chuma ya milimita 75 kwa 75 ina mzingo wa milimita 300, karibu mara tano. Hizo washa pana za milimita 30 ni afadhali kidogo, lakini kwa kuwa ni nyembamba hukunjika kama kofia na kupita kwenye tundu. Kanuni za mashindano za FIA, shirika la kimataifa la mbio za magari, zinataka sahani ya chini ya sakafu isipungue sentimita 40 za mraba na unene wa milimita 3 ikiwa ni ya chuma. Hicho ni kipimo kizuri hata kwa gari la kubebea mkaa.

Kabla ya kutoboa chochote, tafuta matundu ya kiti cha zamani. Pale mtengenezaji alipofunga benchi, chini yake kuna ubavu wa sakafu au bati la pili lililochomelewa, mara nyingi na nati ndani yake. Hapo ndipo penye nguvu. Kazi safi ni kutengeneza fremu ndogo inayokaa juu ya matundu hayo: vyuma viwili vya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 3, vikipita kulia kwenda kushoto, kimoja mbele na kingine nyuma. Kiti kifungwe kwenye fremu, fremu ifungwe kwenye sakafu. Mahali ambapo bolti inapita katikati ya skwea paipu, ingiza kipande cha bomba nene ndani kiwe nguzo kati ya kuta mbili. Bila hicho, ukikaza bolti paipu inabonyea, na baada ya wiki chache za matuta bolti italegea yenyewe.

Kumbuka benchi ya zamani mara nyingi ilikuwa na sehemu nne tu za kufungia kwa upana wote wa kebini, na mikanda ilikuwa na vifungio vyake sakafuni. Ukiweka viti viwili vyenye vichomekeo vyake, unazidishia sehemu hizo mzigo ambao hazikupangiwa. Ushauri wetu: vichomekeo virudishwe kwenye vifungio vya sakafuni vya mikanda, au miguu ya nyuma ya kila kiti iongezewe sahani zake chini.

Pasipokwepeka kutoboa, lala kwanza chini ya gari. Tafuta mabomba ya breki, bomba la mafuta, nyaya, na chesisi yenyewe. Usipitishe bolti kutoka sakafuni hadi kwenye chesisi: kebini imekalia mipira ili icheze, na bolti inayoziunganisha itachana bati kidogo kidogo kila siku. Kwenye pikapu kadhaa za zamani za Marekani, kwa mfano Chevrolet C10 za kabla ya 1973, tangi la mafuta liko ndani ya kebini nyuma ya kiti. Kwa gari la namna hiyo, kuchomelea ni baada ya kulitoa tangi nje na kulipeleka mbali, si kulifunika kwa gunia bichi. Ondoa pia zulia na sponji, maana sponji ya kiti ikishika moto moshi wake ni sumu.

Gonga sakafu kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi ikisukumwa kwa mkono huzama. Sahani juu ya bati lililooza haina maana: kata hadi ufikie chuma kizima, chomelea bati jipya, ndipo uendelee. Toboa kwa keekee ya milimita 3, kisha 6, kisha 10.5 kwa bolti ya M10. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu na pande zote za sahani. Kunja sahani ifuate umbo la sakafu, na uviringe pembe zake kwa tupa, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kukata bati. Maliza kwa gamu ya kuzibia bodi ili maji yasikae kati ya vyuma viwili.

SWALI: Dukani naona bolti zinazofanana kabisa, nyingine bei mara tatu. Nichukue zipi?

JIBU: Soma kichwa. Isiyo na alama yoyote iache huko huko. 8.8 inatosha kwa kiti, 10.9 ni nzuri zaidi pale zinapofungwa vichomekeo vya mikanda. Kwa bolti za inchi, mistari mitatu kichwani ni daraja la 5, mistari sita ni daraja la 8. Bolti za stenlesi zinavutia macho, lakini aina ya kawaida, A2-70, ni dhaifu kuliko 8.8, na nyuzi zake hupenda kung'ang'ana na nati ukikaza. Vyuma virefu vyenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, vinavyokatwa kwa msumeno, mara nyingi ni vya daraja la chini, visiguse kiti.

Kwa M10 ya 8.8 iliyo kavu kaza hadi kati ya Nm 45 na 50 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), kwa M12 karibu Nm 80. Tumia nati zenye plastiki ndani, na uzitumie mara moja tu: ukishaifungua, weka mpya. Usichomelee kichwa cha bolti ili kisizunguke. Joto linaharibu ugumu uliolipia. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye sahani, kisha baada ya kilomita 500 uchungulie. Mstari ukikatika, nati imesogea.

Tahadhari moja: nati za mikanda zilizopachikwa kwenye magari mengi ya zamani ni za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya M10 inaingia humo kwa ulegevu na inaonekana kama imeshika. Haijashika.

SWALI: Kiti kilikuwa kinateleza vizuri kwenye reli kabla hakijafungwa. Nilipokaza bolti kimekuwa kigumu, lazima nisukume kwa miguu.

JIBU: Sakafu yako haiko sawa, au reli hazielekeani. Miguu minne imevutwa kwenye sakafu iliyopinda, na reli zimepinda nayo. Hatari yenyewe si ule ugumu. Kila reli ina kabari yake ya kufungia, na zikiwa zimepinda, kabari ya upande mmoja huingia kwenye meno wakati ya pili imening'inia nje. Unasikia "tak", unaamini kiti kimefunga. Ukipiga breki ya ghafla, upande mmoja unaachia, kiti kinazunguka, na mguu unaondoka kwenye pedeli.

Legeza bolti zote nne. Pima umbali kati ya reli kwa mbele na kwa nyuma, tofauti isizidi milimita moja. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, mshazari kwa mshazari. Kisha angalia ni mguu gani unaelea, na upime nafasi iliyo chini yake. Jaza kwa kipande kimoja cha chuma chenye unene huo huo, si kwa mnara wa washa, kwa kuwa mnara huteleza. Na si kwa ubao: ubao hunywa maji, hukauka, husinyaa, na bolti inabaki bila mkazo.

Ingiza bolti zote kwa mkono, sukuma kiti mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho, kisha kaza kidogo kidogo kwa mshazari. Washa tochi uangalie kabari zote mbili zimeingia kwenye meno katika kila nafasi ya reli, si ile unayoendeshea tu. Grisi kidogo kwenye njia ya kuteleza inaruhusiwa, kwenye meno hapana.

SWALI: Chini ya kiti nilichonunua kuna plagi ya njano yenye nyaya mbili. Pikapu yangu haina pa kuichomeka. Nikate?

JIBU: Usikate, usiipime kwa mita ya umeme, usiipe umeme hata wa betri ndogo. Njano ni rangi inayotumika kwa mifuko ya hewa na vivuta mkanda, na kiti chako huenda kina mfuko ubavuni. Umeme mdogo wa mita unaweza kuulipua. Plagi nyingi za aina hii zina kipande ndani kinachounganisha nyaya mbili zikiwa hazijachomekwa, ndiyo sababu kuikata kunaondoa kinga. Kusema kweli, kiti chenye mfuko hakina faida kwenye gari lisilo na kompyuta ya kuufyatua. Kibadilishe upate kisicho nao. Na kiti ambacho mfuko wake umeshafyatuka usikichukue hata kwa bure, kwani fremu yake imeshapita kwenye ajali.

SWALI: Gari lina mikanda ya kiunoni tu. Nikiweka viti vipya naweza kuongeza ya begani?

JIBU: Ndiyo, ila kifungio cha juu ndicho kinachoamua. Kiwe sawa na bega au juu yake. Ukifunga mkanda wa bega sakafuni nyuma ya kiti, kwenye kishindo unavuta bega kwenda chini na kubana uti wa mgongo. Nguzo ya mlango kwenye gari la zamani ni bati lililokunjwa, kwa hiyo nayo inahitaji sahani ndani yenye nati iliyochomelewa. Kwa mkanda wa kiunoni peke yake, kanuni nyingine ya Marekani, FMVSS 210, inataka vifungio vihimili karibu kilo 2,270, na hapo ndipo uone bati tupu linavyoachwa mbali.

Kile kiboksi kinachoviringisha mkanda kina pembe yake ya kukaa. Kikiinamishwa kinafunga hovyo, au hakifungi kabisa. Sehemu ya kiunoni ipite juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ukikaa, mkanda upande kutoka sakafuni kwa pembe ya kati ya nyuzi 45 na 60 hivi. Kiti kipya kikiwa kirefu kuliko benchi pembe hiyo inabadilika, kwa hiyo pima ukiwa umekaa, na kiti kikiwa kwenye nafasi yako ya kuendeshea.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Nataka kiti cha upepo badala ya kile cha springi. Kuna la kuangalia?

JIBU: Kwanza urefu: kiti hicho hupanda na kushuka sentimita kadhaa, kwa hiyo pima nafasi ya kichwa kikiwa juu kabisa na wewe umekaa, pamoja na goti lako na usukani. Pili, mkanda. Ukiuacha kwenye ukuta wa kebini, kila shimo litakukaza kiunoni kiti kikipanda, na madereva huishia kuuvua. Chagua kiti chenye mkanda wake, na ufunge zile kamba mbili za nyuma zinazoshuka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Watu huzitupa wakidhani ni za kusafirishia, kumbe ndizo zinazopeleka mzigo wa mkanda sakafuni bila kupitia kwenye mikono inayokipandisha na kukishusha kiti.

Tatu, upepo uchukuliwe kwenye tangi la upepo la matumizi ya ziada, kupitia vali ya kulinda presha, kamwe usiungwe moja kwa moja kwenye mzunguko wa breki. Bomba la kiti likipasuka, kiti kishuke na breki zibaki. Kama kebini inainama mbele, acha bomba urefu wa kutosha kisha inamisha kebini polepole huku mwenzako akilitazama kabla hujalifunga moja kwa moja.