Kubadili pauni za mwaka 1967 kuwa dola

Ndugu muulizaji, umeuliza utumie kiwango gani kubadili pauni 500 za Uingereza, zilizotajwa katika hati ya mwaka 1967, kuwa dola za Marekani. Jibu linategemea tarehe ya hati, wala wastani wa mwaka hautakufaa, kwa sababu tangu Septemba 1949 pauni ilikuwa imefungwa kwenye dola 2.80, mpaka tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, ilipoishusha hadi dola 2.40. Kwa hiyo, kama hati iliandikwa kabla ya tarehe hiyo, kiasi chako ni dola 1,400. Kama iliandikwa baadaye, ni dola 1,200, na wastani utakupa namba ambayo hakuna mtu aliyebadilishiwa fedha kwayo.

Kwa hati za baada ya Juni 1972, pauni ilipoachwa ielee sokoni, yaani thamani yake ipangwe na soko, ningependelea kiwango cha siku yenyewe, au wastani wa mwezi pale siku isipojulikana. Angalia pia kama jedwali linaonyesha bei ya kununua, ya kuuza au ya kati, jambo ambalo majedwali mengi huliacha bila maelezo.

Ikiwa unachotaka hasa ni thamani ya fedha hizo leo, badili kwanza kwa kiwango cha wakati ule, kisha tumia fahirisi ya bei za Marekani, yaani kipimo cha jinsi bei zilivyobadilika mwaka hadi mwaka. Ukianza na fahirisi ya Uingereza utapata jibu tofauti.