Nilivyoijenga Ngamiani ndani ya The Sims 4: jibu kuhusu ramani na mitaa

Mkuu, kuhusu The Sims 4, gemu ya kompyuta ya kujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wa kubuni, umeuliza mambo mawili: kwa nini mtu wako akitaka kuingia kwa jirani gemu inasimama kulodi (kupakia sehemu mpya) ilhali nyumba unaiona pale pale, na kwa nini huwezi kuongeza hata kiwanja kimoja kwenye ramani. Yote mawili yamenikuta. Nacheza The Sims 4 tangu ilipofanywa ya bure Oktoba 2022, na muda mwingi nimeutumia kuijenga Ngamiani, nilikozaliwa, hapa Tanga.

Ramani kwanza. Barabara, maji, vilima na idadi ya viwanja vimeshapangwa na waliotengeneza gemu. Wewe umeachiwa kilichomo ndani ya mpaka wa kiwanja. Bomoa, jenga, hamisha familia, geuza nyumba iwe maktaba, lakini kiwanja hakisogei wala hakizai kingine. Bibi yangu nilipomwonyesha kazi yangu aliuliza neno moja tu: "Reli iko wapi?" Aliuliza la maana. Kwetu reli ndiyo inayoitenga Ngamiani na mjini upande wa bahari, na asipoiona hajui amesimama wapi. Nilihangaika siku nzima, sikupata pa kuilaza. Iliniuma, nikaamua niache kutafuta sura ya Tanga kutoka juu, nitafute maisha ya mtaa huku chini.

Na hapo ndipo mtaa unapoingia. Kila dunia, yaani kila ramani ya mji ndani ya gemu, imegawanywa mitaa, na unapocheza, mtaa uliomo ndio uliofunguka. Mtu wako atatoka, atatembea barabarani, atasalimiana na wapita njia, bila kusubiri. Ila zile nyumba za wenzake ni kuta na mapaa tu. Ukiingia mojawapo, gemu inafunga kiwanja chako ndipo ifungue kile. Nia ni kompyuta isielemewe. The Sims 3 ya 2009 ilifungua mji mzima kwa pamoja, unamfuata mtu kutoka mlangoni kwake hadi ng'ambo ya mji. Niliipenda mno, lakini laptopu yangu ilikuwa inakwamakwama nikaiacha. The Sims 2 ya 2004 kila nyumba ilikwenda na saa yake: unamlea mtoto huku mpaka anakuwa kijana, ukifungua nyumba ya pili rafiki yake bado mdogo vilevile.

Nilianzia Newcrest, dunia ya gemu iliyotoka bure 2015: viwanja 15 vitupu, mitaa mitatu, kila mtaa vitano. Kosa nililofanya ni kugawa kwa ukubwa wa viwanja. Watu wangu wa ndani ya gemu nikawatawanya: bibi mtaa huu, shangazi ule, mafundi baiskeli kule mwisho. Wiki nzima ya gemu bibi na shangazi hawakukutana mpaka niwaunganishe mwenyewe kwa simu. Nikavunja, nikawaweka wote wanaopaswa kuonana mtaa mmoja, na baraza za nyumba nikazijenga mbele kabisa, ukingoni mwa kiwanja karibu na njia. Jioni ya kwanza tu walipita watu watatu, bibi akawaita mmoja mmoja. Hakuna kulodi, kwa sababu barabara nayo ni sehemu ya mtaa.

Nyumba yenyewe ilinishinda muda mrefu. Nyumba ya Kiswahili unaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, uani jiko na choo, na kila chumba kina mpangaji wake. Gemu ya kawaida kiwanja kimoja cha makazi ni familia moja, basi. Nyongeza ya For Rent, iliyotoka Desemba 2023, ndiyo iliyonifungulia: kiwanja kimoja kinabeba hadi makazi sita, na sehemu unazotaka unazifanya za wote. Sita! Hesabu ya vyumba vyetu hasa. Ukumbi na uani nikavifanya vya wote, kila chumba nikakipa familia. Hii nyongeza inauzwa, si ya bure, lakini kwa mtu anayetaka kujenga uswahilini sijaona nyingine inayoikaribia.

Jambo la mwisho, usije ukalia kama nilivyolia. Kila gemu unayoanza upya ina nakala yake ya ramani. Nilianza mpya, nikakuta Newcrest tupu, nikadhani kazi ya miezi imepotea. Haikupotea, ilikuwa kwenye gemu ya zamani. Tangu siku ile kila nyumba ninayomaliza naihifadhi kwenye maktaba ya gemu, maana maktaba ni moja kwa gemu zako zote. Ukiitoa humo, angalia vipimo: nyumba yangu ya vyumba sita ipo kwenye kiwanja cha 30 kwa 20, kwenye 20 kwa 15 itakataa. Niambie umechagua mtaa gani na viwanja vyake vina vipimo gani, nikwambie nani akae wapi.