Kuhusu chui kutoka mweusi kwenye picha

Ndugu, umeuliza kwa nini chui uliyempiga picha akiwa juu ya mti kule Seronera, Serengeti, ametoka mweusi kama kivuli ilhali kwa macho ulimwona vizuri. Kamera yako haina hitilafu. Inapopima mwanga wa eneo zima na kukuta anga jeupe limejaa nyuma ya matawi, huchukulia kwamba mwanga umezidi na kuupunguza, na mnyama aliyelala kivulini ndiye anayeumia. Ongeza mwangaza kwa hatua moja hadi mbili (+1 hadi +2 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera), au pima mwanga kwenye manyoya yake peke yake, na ukubali anga litoke jeupe tupu. Atakayeitazama picha atatafuta macho ya chui, si mawingu.

Kuhusu ukungu ulioutaja, yaani picha kutotoka kali, lenzi ya milimita 400 huhitaji kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya angalau 1/500 ya sekunde, na injini izimwe, kwa kuwa mtetemo wake hupanda hadi kwenye mfuko wa maharage unaoegemezea lenzi dirishani. (Mimi hujaza mchele, na siku ya mwisho ya safari huupika.)

Usimshinikize dereva aache barabara ili mkaribie mti, kwani ni kinyume cha kanuni za hifadhi, na chui akihisi amezingirwa hushuka na kupotelea majanini. Subirini. Akisimama na kujinyoosha, weka kidole tayari, maana mara nyingi yu karibu kushuka, na kwenye shina huwa hana tena anga nyuma yake.