Kwa mnaoanza wodi ya upasuaji wa watoto: mfuko ukishaondolewa

Wadogo zangu, siku kolostomi (tundu la tumboni linalotolea choo kwenye mfuko) inapofungwa na mtoto mwenye ugonjwa wa Hirschsprung akapata choo kwa njia yake, wodi nzima hufurahi. Mama hufunga vitu vyake akijua yamekwisha. Nami niliamini hivyo, mpaka mvulana wa miaka 9 aliporudi kliniki akiwa ameacha shule kwa sababu wenzake hawakutaka kukaa naye. Kadi yake iliandikwa "anaendelea vizuri" mara nne, na mwandiko mmoja ulikuwa wangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kuhusu nguo zake za ndani.

Ugonjwa wa Hirschsprung humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana zaidi. Mimba ikiwa changa, seli za neva hazikufika mwisho wa utumbo mpana, kwa hiyo kipande kile hakilegei na kinyesi hukwama juu yake. Tangu Orvar Swenson mwaka 1948, madaktari hukata kipande hicho na kushusha utumbo wenye seli. Lakini msuli wa ndani unaobana njia ya haja kubwa hubaki palepale, na wenyewe bado haulegei inavyotakiwa. Ndiyo maana wako wanaobaki na choo kigumu na wako wanaochafua nguo, ingawa hali mara nyingi hutengemaa kadiri mtoto anavyokua.

Mama akikuambia "anaharisha kidogo kidogo kila siku", usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha. Lipapase tumbo kwanza. Mara nyingi utakuta kinyesi kigumu kimejaa, na kile chepesi kinapenya pembeni yake. Huyo anahitaji kusafishwa, kisha dawa ya kulainisha choo kwa miezi, pengine miaka. Yule ambaye msuli wake uliumia wakati wa upasuaji ni mwingine kabisa, na dawa hiyohiyo itamzidishia kuchafua nguo. Mkiwachanganya hawa wawili, mtawatesa wote.

Kinachoua ni maambukizi ya utumbo, na huweza kuja hata baada ya upasuaji uliofanikiwa: tumbo limevimba, choo kinaruka kwa nguvu na kunuka vibaya, homa, mtoto amelegea. Mwambieni mzazi dalili hizi kabla hajatoka wodini, tena mwambieni na bibi anayebaki na mtoto nyumbani. Mtoto akifika hospitali, utumbo huoshwa kwa mpira laini na maji ya chumvi ya hospitali, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa mara moja, ukihakikisha yaliyoingia yanatoka. Kamwe msitumie maji ya bomba. Utumbo huyanyonya, chumvi ya damu ikashuka, na mtoto anaweza kupata degedege.

Yule mvulana tulimkuta amejaa kinyesi mpaka kitovuni. Tulimsafisha kwa siku kadhaa, akaanzishiwa dawa, akazoea kukaa chooni kila asubuhi baada ya chai, miguu ikiwa juu ya kigoda. Mwalimu wake tulimwomba amruhusu kutoka darasani bila kunyoosha mkono. Alirudi shule muhula uliofuata.

Sasa mtoto mkubwa akija, humwomba mama atupishe kidogo. Namuuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini: huwa unabeba nguo ya kubadilisha kwenye begi la shule?